Mwaka wa Rangi ya Kucha

Ujumbe ulinikuta dukani, nimeinamia kompyuta ya mtumishi mmoja wa serikali kule Mtumba ambaye alikuwa amenisimamia kichwani tangu saa tatu asubuhi, macho hayabanduki mikononi mwangu. Wiki ile ilikuwa imetangazwa tena kwamba mfumo fulani wa kompyuta, uliozoeleka maofisini, hautahudumiwa tena na waliouunda, na bwana yule alitaka nimwambie kama habari ni ya kweli au ni sisi wenye maduka tumejitafutia njia ya kula. Nilikuwa namjibu kwa adabu yote niliyobakiwa nayo, simu ikatetemeka mezani. Rukia alikuwa ameandika: Dada Yunisi, baba ametutoka alfajiri, tunazika leo baada ya adhuhuri. Nikasoma mara mbili, nikaifunika simu, nikamaliza kukaza skrubu. Bwana yule akaniuliza kama amenikera. Nikamwambia hapana, amefariki mtu aliyenifundisha kazi. Akanipa pole, tena pole ya kweli, halafu akaomba nifungue kava upya ahakikishe nimerudisha kila kitu.

Nikafungua. Sikumlaumu, maana ugonjwa ule niliwahi kuugua mimi mwenyewe, na niliupata mwaka niliokaa kwenye duka la Baba Rukia pale Makole. Nilikuwa na miaka ishirini na tatu, nina cheti cha kompyuta na maringo yanayokaribiana nacho. Duka lilikuwa chumba kimoja kilichokatwa katikati kwa kabati. Mbele kulikuwa na kaunta ya kioo yenye chaja, kipanya na kibodi. Nyuma ya kabati kulikuwa na meza, taa ya kuinamisha, na dirisha moja la kuelekea uani, ambako mama mwenye nyumba alianika mboga na kusikiliza redio kwa sauti ya juu kuanzia asubuhi. Harufu ya mle ndani sijaisahau: waya ulioungua kidogo, plastiki ya moto, na vumbi. Vumbi la Dodoma jamani halina huruma kwa mashine. Baba Rukia alidai kwamba akifungua kava anajua mashine imelala wapi, jekundu ni la Kongwa, jeupe jeupe ni la Bahi, na mara nyingi alipatia. Alikuwa Mrangi wa Kondoa, mwembamba, kofia haimtoki kichwani, mtu wa maneno machache mno. Alinifundisha kwa kufanya, mimi nikitazama. Ukimuuliza swali alijibu, usipouliza alinyamaza, na kunyamaza kwake hakukuwa na dalili ya hasira wala furaha. Kwangu mimi, niliyetoka Gulwe kwa watu wanaoongea tangu wanapoamka, ukimya ule ulinitia mashaka toka wiki ya kwanza.

Kila Jumamosi tulibandika karatasi kwenye kioo cha mlango. Upande wa juu palikuwa na Habari za Kompyuta, upande wa chini Ushauri wa Wiki. Habari nilizitafuta mimi mtandaoni nikaziweka kwa Kiswahili cha kueleweka. Ushauri aliusema yeye, mimi nikauandika kwa kalamu nene. Usikimbilie mashine mpya, ongeza memori kwanza. Mashine ikinguruma haijazeeka, inataka kufutwa vumbi. Ikichelewa kuwaka diski imechoka, nakili kazi zako leo. Watu walisimama kusoma, hata wasiokuwa na kompyuta, na mabishano yaliyozuka pale mlangoni yalitutosha kwa mchana mzima. Mwaka ule nao kulikuwa na habari za mfumo wa zamani kuachwa, na nusu ya wasomaji waliapa kwamba tumeitunga wenyewe ili tuwauzie vitu. Mmoja aliichana karatasi kabisa. Baba Rukia akaniambia niandike nyingine ileile, ikabandikwa palepale.

Lakini ushauri uliojaza watu mlangoni kuliko yote ulituhusu sisi. Siku hizo kila mtu mjini alikuwa na kisa chake cha mashine iliyoingia kwa fundi na vipande vinne vya memori ikatoka na viwili. Basi Jumamosi moja Baba Rukia akaniambia niandike hivi: usimwamini fundi, mwambie afungue mbele yako, tia alama vipande vyako, ukija kuchukua fungua tena utazame. Nikamuuliza kama anataka tufunge duka. Nikasema watu watadhani ni sisi.

"Kwani mimi siyo fundi?" akaniuliza.

Jumatatu yake akaweka kichupa cha rangi ya kucha nyekundu juu ya kaunta, na kuanzia siku ile hakuna mashine iliyopita nyuma ya kabati bila mwenyewe kupaka alama yake. Wanafunzi waliandika herufi. Manesi walichora msalaba. Shehe mmoja alichora mwezi mwandamo kwa utulivu mkubwa, ulimi nje. Na mwezi wa tatu akaja Mzee Chilewa, bwana mifugo mstaafu wa Kongwa, Mgogo mwenzangu, akanisalimu mbukwa kabla hajamsalimu mwenye duka. Mashine yake ilikuwa na vipande vinne, akavipaka vyote alama moja, mstari na nukta mbili. Akaniambia ndiyo alama waliyochomwa ng'ombe wa baba yake pajani. Nilicheka. Nikamwambia mzee, hizi hazitoroki. Akasema hata ng'ombe watu walidhani hivyo.

Mwezi wa sita niliomba ruhusa nikaenda Gulwe wiki mbili kusaidia kuvuna mtama. Niliporudi niliona mambo yamebadilika, au nilidhani nimeona. Zamani mashine zote tulifungua pamoja. Sasa zilikuwepo ambazo Baba Rukia alizichukua mwenyewe, akaniambia nishike kaunta, akafunga pazia la kabati. Siku moja nikamsikia akiongea na simu huko nyuma. Kwa kawaida simu zake zilikuwa za Kirangi na sikuambulia kitu, ila siku hiyo aliongea Kiswahili, tena kwa sauti ya chini. Alisema, "Vinne vimeshatoka. Hapana, sijamwambia mtu, hata binti wa hapa dukani." Binti wa hapa dukani ni mimi. Nilibaki nimeshika kitambaa cha kufutia kioo, na mteja aliyeingia kuulizia chaja nikamjibu hovyo.

Mwezi wa nane, vumbi likiwa limepamba moto, akaja nesi mmoja tuliyemwita Sista Anjela, mashine inanguruma. Nikafungua kava, nikapuliza, na mle ndani nikakuta vipande viwili vyenye mstari mwekundu na nukta mbili. Nikamuuliza Sista, kwa sauti ya kutojali kitu, kama aliongeza memori. Akasema ndiyo, Baba Rukia alimwekea, ni ya mtu, kasema aitumie mpaka mwenyewe atakapoihitaji, yeye alilipia ufundi tu. Nikaitikia, nikafunga kava, nikamkabidhi mashine yake. Kufikia mwezi wa kumi, kwa kila mashine iliyopita mikononi mwangu, nilikuwa nimekuta alama ile kwenye vipande saba. Saba, na mimi kwa macho yangu nilimwona Mzee Chilewa akipaka vinne. Mtu mwenye akili timamu angesimama hapo akajiuliza vile vitatu vimetoka wapi. Mimi nilijijibu haraka. Nilisema ameiba vya wengine pia, halafu anavipaka alama moja ili avijue. Ndivyo wasiwasi unavyofanya kazi, nakwambia, ukiupa jambo linaloukanusha unalitafuna na kulimeza na kunenepa nalo.

Chakula cha mchana alileta Mama Rukia kwenye hotipoti, saa saba na nusu, mvua ije jua lije. Alikuwa mtu wa Singida, mcheshi, mwenye kicheko cha kufika barabarani, na kwa kuwa alijua nimekulia mlenda, siku mbili kwa wiki alipika mlenda na ugali wa mtama, mumewe akala bila kulalamika. Tulikula watatu sahani moja, nyuma ya kabati, mashine zilizo wazi zimetuzunguka. Zamani niliipenda sana saa ile. Sasa nilikula nikitazama vidole vya Baba Rukia vikimega ugali, nikiwaza vimefanya nini asubuhi. Nililegeza tonge, nikaacha chakula kabla sijashiba. Mama Rukia akaniuliza kama naumwa. Baba Rukia akaacha kula, akanitazama muda mrefu kuliko kawaida yake.

"Yunisi, una neno?"

"Sina, baba."

Akanawa mikono, akaenda kuswali. Nimeikumbuka saa ile mara nyingi kuliko siku ya harusi yangu. Nilikuwa naogopa nini? Si kufukuzwa. Nadhani niliogopa kwamba atanipa jibu zuri, na mimi nilikuwa nimeshajenga kesi yangu miezi miwili, nimeipenda.

Mwishoni mwa mwaka kulikuwa na kazi moja ambayo duka zima liliingoja. Shule moja ya sekondari pale mjini ilitaka kompyuta zake ishirini za maabara ziongezwe memori na kubadilishwa diski, na Baba Rukia ndiye waliyemfikiria. Nilijua uzito wake kwa sababu yeye na mkewe hawakuwa na lugha nyingine ya pamoja ila Kiswahili, na kabati halizuii sauti. Mama mwenye nyumba alikuwa ameshasema chumba chake kinatakiwa na mtu mwingine mwenye uwezo zaidi. Mama Rukia akauliza, na kazi ya shule je? Mumewe akasema ikipatikana tutabaki, ikikosekana mwakani tuko Kondoa tunalima. Rukia alikuwa kidato cha pili. Mama Rukia akasema basi itapatikana, na akacheka, ila safari hiyo kicheko hakikufika mbali. Yote hayo niliyasikia, kwa hiyo siwezi kujitetea kwamba sikujua.

Mwalimu wa maabara ya shule ile aliitwa Tabitha, tuliimba naye kwaya. Jumamosi moja baada ya mazoezi, tunatembea kurudi nyumbani jua bado kali, akaniambia mwezi huu watatuletea mashine zote ishirini, akanisifia duka letu na ile karatasi ya mlangoni. Nikanyamaza. Akaniuliza mbona kimya. Ningeweza kusema nimechoka.

"Mkimpa, hesabuni vipande," nikamwambia.

Maneno matatu. Hakuniuliza zaidi, na mimi sikuongeza, na usiku huo nililala vizuri, Mungu anisamehe. Nilijiona nimetenda haki kwa shule yenye watoto. Wiki iliyofuata mkuu wa shule alituma ujumbe kwamba wameahirisha. Wiki ya pili tukasikia kazi imepewa duka lingine, kule upande wa sokoni. Na maneno yangu matatu hayakubaki shuleni. Watu wakaanza kuja mmoja mmoja, wanataka mashine zao hata kama hazijapona, wanafungua kava palepale kaunta. Waliokuta vipande vyao walitazama mara mbili. Waliokuta mstari na nukta mbili walishtuka. Sista Anjela alileta vile vyake vimefungwa kwenye leso. Alisema, macho chini, kwamba aliambiwa ni vya mtu, na sasa ameelewa maana yake, yeye hataki kitu cha wizi nyumbani kwake. Baba Rukia alipokea ile leso kwa mikono miwili. Akasema asante Sista, akaikunjua, akaweka vipande mezani, akamrudishia leso yake ikiwa imekunjwa vizuri. Nilisubiri aseme neno. Sasa ataungama, niliwaza, au atadanganya, na nitajua. Hakufanya hata kimoja.

Siku chache kabla ya Krismasi Mzee Chilewa akaingia, fimbo mkononi, kofia ya jua kichwani. Nikasema moyoni leo ndiyo leo. Akanisalimu, akaketi kwenye benchi la wateja, na kabla sijafungua mdomo akamuuliza Baba Rukia, kwa sauti ya mtu anayeulizia hali ya nyumbani, "Ng'ombe wangu wako kwa nani na nani?"

Baba Rukia akamtajia. Wawili kwa nesi, mmoja kwa mwanafunzi wa Chang'ombe, wawili kwa mjane anayechapa barua stendi, akaendelea hivyo bila kusoma popote mpaka wakafika ishirini na kitu. Kisha akamwonyesha waliorudishwa, wamelala mezani. Ndipo nikasikia habari yote. Mwezi wa sita, mimi nikiwa Gulwe, mradi mmoja wa mifugo ulifungwa na mzee akaachiwa kompyuta kumi na mbili chakavu. Akazileta kwa Baba Rukia, wakang'oa vipande vya memori vilivyo hai, mzee akavipaka vyote alama ya baba yake, akamkabidhi avigawe kwa wenye shida ambao mashine zao zinavikubali. Wavitumie, visiwe vyao. Na asitangaze, maana ikijulikana wilaya nzima itahamia Kongwa kuomba.

Hapo ndipo niliposikia aibu ambayo mpaka leo nikiikumbuka masikio yanawaka moto. Kila Mgogo anajua jambo hili. Mwenye ng'ombe wengi hawalazi wote zizini kwake. Anamkabidhi rafiki watatu, shemeji wawili, wanakamua maziwa, wanatumia samadi, na ng'ombe wanabaki na alama ya mwenyewe. Tena hatangazi wako kwa nani. Zizini kwa babu yangu kulikuwa na ng'ombe wanne wenye alama za watu wengine, nimewachunga mimi mwenyewe kwa miguu hii, na haikunipitia akilini hata siku moja kwamba babu ni mwizi. Mrangi yule, ambaye kwao ni wakulima wa milimani, alikuwa ameielewa desturi yetu na kuitunza. Mimi niliyezaliwa ndani yake nilitazama alama ya ng'ombe kwenye zizi la mwingine nikaona wizi.

Mzee Chilewa alikasirika sana. Alisimama, akataka waende shuleni wote wawili saa ileile, amweleze mkuu wa shule. Baba Rukia akamwomba akae. Akasema mtu akishaanza kukuhesabia vipande, hata akikuomba radhi ataendelea kuhesabu kimoyomoyo. Alisema hayo akiwa anamtazama mzee, siyo mimi. Mzee akaniuliza mimi, kwa Kigogo, ni nani aliyeanzisha maneno haya mjini. Nikamjibu, kwa Kigogo, kwamba sijui.

Mwezi wa kwanza walifunga mizigo. Kabati lilibebwa na watu wanne. Mama Rukia alinikumbatia na kunipa hotipoti moja, akasema nisikae na njaa. Mwezi wa pili mimi nikaajiriwa, unajua wapi? Duka lile la upande wa sokoni, lililopewa kazi ya shule. Zile mashine ishirini nilizifungua mimi. Sikumwambia Tabitha yale maneno ili nipate kazi hiyo, naweza kuapa. Lakini nikisema hivyo najisikia ninavyojitetea, na kama ningekuwa mteja wangu mwenyewe nisingeniamini. Baadaye nikafungua duka langu, likakua, wizara zilipohamia Dodoma likakua zaidi. Baba Rukia nilisikia anatengeneza redio na kuchaji simu kijijini kwao, analima mahindi na alizeti. Lami ilipofika Kondoa safari ikawa ya saa chache tu, na kila mwaka nilisema mwaka huu nitakwenda.

Nilikwenda siku ya pili ya msiba. Walikuwa wamekaa kwenye mikeka uani, wanawake upande mmoja, wanaume wamejaa chini ya turubai, na wali na maharage vilikuwa vinapakuliwa kwenye sinia. Mama Rukia alikuwa amevaa kaniki, amepungua, lakini alinitambua kabla sijavua viatu. Nikampigia magoti, nikasema shikamoo mama, pole na msiba. Akasema marahaba, tumeshapoa, akanivuta nikae ubavuni mwake, akanisogezea sinia. Tulikula kidogo. Aliniuliza watoto wangapi, nikamwambia. Aliniuliza duka linaendeleaje, na hapo nikarudisha tonge kwenye sinia.

"Mama, yale maneno ya shuleni yalitoka kwangu."

Hakushtuka. Aliendelea kukusanya wali kwa vidole, taratibu, akaula.

"Alijua."

"Tangu lini?"

"Kabla hujayasema. Alikuona unavyochungulia. Akaniambia Yunisi ana swali, wiki hii ataniuliza. Ikapita, akasema wiki ijayo. Nikamwambia si umweleze tu wewe. Akasema nikimweleza kabla hajauliza ataona najitetea, mwache, binti ana akili, atauliza." Alinawa mkono kwenye bakuli. "Tulivyohamia huku aliendelea. Gari likisimama pale barabarani anainuka kutazama. Namwambia kaa baba, ni abiria tu. Miaka yote hiyo, Yunisi."

Nikamwambia nimekuja sasa, mama, nimekuja kuuliza.

"Umekuja amekufa," akasema, akainuka kwenda kuwapokea wageni waliokuwa wanaingia.